Nilizima app zote kwenye simu ya ami ili gemu lisikwame, nikazima na posa yangu

Wakuu, assalaam alaykum. Na nyinyi mlioko kazini mnaojifanya mnasoma email, karibuni pia.

Nnayoyaeleza hapa ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Unguja ni ndogo: ukipiga chafya Malindi, unaombewa dua Mwanakwerekwe.

Juzi humu kuna kijana kauliza afanyeje gemu lisikwame kwenye simu yenye RAM ndogo. Majibu yote: "Force stop kila kitu mkuu." Nkasema la hawla, huyu mtoto wa watu ataharibikiwa. Wacha nseme yaliyonikuta.

Mie ni fundi wa mafriji na AC, kibanda changu kiko nyuma ya Darajani. Jioni baada ya laasiri tunakutana barazani Malindi, watu wazima na ndevu zetu, tunacheza gemu la mpira kwenye simu.

Tuna ligi kabisa. Anayefungwa fainali anamlisha bingwa urojo wiki nzima na anamwita "sheikh" mbele za watu. Msicheke. Kuna watu wawili pale barazani hawajasalimiana vizuri tangu Ramadhani iliyopita kwa jambo hili hili.

Sasa simu yangu wakati ule ilikuwa na RAM ya 2GB. Mchezaji wangu anapiga shuti Jumatatu, mpira unafika golini Jumatano. Na moto wake! Mie fundi wa kupoza vitu vya watu, simu yangu mwenyewe siwezi kuishika.

Nikafuta picha. Nikafuta video za harusi za watu nisiowajua. Nikashusha graphics mpaka wachezaji wakakosa nyuso. Wapi! Inakwama vile vile.

Nikafika fainali kwa baraka za wazee tu.

Hapo ndipo nikaikumbuka simu ya Ami Haji.

Ami Haji ni ndugu mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Seremala mstaafu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno machache. Binti yake aliyeolewa Maskati alimletea simu mpya, RAM 12GB, kioo kama beseni. Ami anaitumia kusikiliza mawaidha na kupokea simu. Basi. Ni kama kununua friji la hoteli ukaweka chupa moja ya maji.

Na Ami ndiye alikuwa mshenga wangu.

Kwa wenzetu wasioyajua haya: kwetu mshenga ndiye mdomo wa familia ya mume. Barua ya posa anaipeleka yeye, na jawabu linarudi kwake yeye. Kijana mwenyewe kazi yake ni kukaa pembeni ajifanye hana habari, huku moyo unamtoka. Ami alikwisha kupeleka posa kumi na moja katika umri wake na hakuna hata moja iliyoharibika mkononi mwake. Watu walikuwa wanatoka mpaka Makunduchi kuja kumuomba. Hakuwa na majivuno ya kitu kingine chochote, lakini hilo alikuwa nalo.

Yangu ilikuwa ya kumi na mbili. Binti anaitwa Salma, mwalimu wa chekechea, kwao Mkokotoni. Baba yake Mzee Vuai, anauza dagaa, mtu mkavu kuliko dagaa wake. Barua ilikwisha kwenda, tunangoja jawabu.

Siku ya fainali, Alkhamisi, nikenda kwa ami.

"Shikamoo ami. Hebu nipe simu yako niisafishe, imekuwa nzito."

"Marahaba. Nzito vipi? Mbona inafanya kazi?"

"Kwa ndani, ami. Nnakurudishia magharibi."

Akanipa. Mtu akikuamini hakuulizi mara mbili, na huo ndio ubaya wake.

Wakuu, ningeingia kucheza vile vile, simu ile ingenibeba bila taabu. RAM 12GB! Lakini mazoea yana taabu. Nilikuwa nshazoea maisha ya 2GB, nikaona nisiache kitu. Nikaweka game mode, ile inayokata simu zinazoingia kimya kimya. Nikaingia kwenye settings, app moja baada ya moja: force stop. Mawaidha, force stop. Hali ya hewa, force stop. WhatsApp, force stop.

Nikacheza. Ee bwana wee! Laini kama samli. Nilimfunga mtu mabao manne, la nne nikalifunga kwa kisigino kwa kiburi tu. Baraza zima likasimama. "Sheikh! Sheikh!"

Adhana ya magharibi ikaninasa bado nnapongezwa. Nikaona juu ya kioo pamejaa vialama vya notification. Nikawaza, ami akiviona atajua sikuwa nasafisha simu, nilikuwa nachezea. Nikabonyeza "clear all" bila ya kusoma hata kimoja.

Hicho kidole ndicho nnachokijutia mpaka leo.

Nikamrudishia. "Sasa nyepesi, ami." Akanishukuru, akaniombea dua nipate jawabu la kheri. Akaniombea dua, wakuu.

Ijumaa kimya. Jumamosi kimya. Jumapili mie nakula urojo wa bure na naitwa sheikh.

Jumatatu asubuhi niko juu ya ngazi nafunga AC ya mtu, ikaingia meseji ya Salma. Hatukuwa na mazoea ya kuandikiana, tulikuwa tunajiheshimu. Meseji yenyewe fupi: "Kama hamtaki mngesema. Mama alipika tangu alfajiri."

Nikateremka ngazi, AC ya mtu nikaiacha nusu.

Nilipofika kwa ami nikaichukua simu, nikaifungua WhatsApp. Kwa wasiojua: app ukishaifanyia force stop haipokei kitu mpaka mwenyewe uifungue kwa mkono. Na ami haifungui WhatsApp. Anangoja ilie. Angengoja mpaka Kiyama.

Vikaingia vyote kwa pamoja. Ikaingia na sauti ya Mzee Vuai ya Alkhamisi: amepiga mara mbili hakupokelewa, jawabu la posa ni kheri, waje wazee Jumapili baada ya adhuhuri, watakuwa wanawangoja.

Mara mbili zile ndizo nilizokuwa nafunga mabao, na alama zake ndizo nilizozifuta kwa "clear all". Na mwenye mtoto wa kike hapigi simu mara ya tatu. Akifanya hivyo ataambiwa anamtembeza mwanawe kama dagaa.

Basi Jumapili Mkokotoni walipika biriani. Mabusati yakatandikwa, wazee wakakusanyika na kofia zao, majirani wakachungulia madirishani. Hakwenda mtu. Na mwingine mwenye posa yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anangoja tu tukosee.

Nikamwambia ami kila kitu. Gemu, force stop, clear all. Nilitaka anitukane, wallahi ningefarijika. Akasema, "Lete kofia yangu. Washa vespa."

Tukashika njia ya Mkokotoni.

Tulipofika, yeye akaingia ndani, mie nikabaki barazani nje. Ndiyo ada, mchumba haingii kwenye mazungumzo ya wazee. Lakini dirisha lilikuwa wazi na lilikuwa juu ya kichwa changu.

Nikamsikia Ami Haji, mtu wa posa kumi na moja, anasema: "Kosa ni langu. Simu hii nimeletewa na mwanangu, siijui. Nilibonyeza bonyeza nikazima mambo. Kijana hana habari."

Mzee Vuai akacheka kile kicheko cha puani. "Mshenga gani wewe hujui kupokea simu? Watoto wa chekechea wa Salma wanajua."

Na wenziwe wakacheka. Ami akacheka nao kidogo. Akasema, "Uzee, ndugu zangu. Niwieni radhi."

Ningeweza kuinuka. Mlango ulikuwa hatua nne. Nikajiambia ada hainiruhusu kuingia. Wakuu, nimeahidi kweli na kweli ndiyo hii: sikuzuiwa na ada yoyote. Nilijificha nyuma yake.

Wakasamehe. Wazee wetu wakaambiwa waje Ijumaa, na harusi ikawa.

Siku ile njiani kurudi nilisimamisha vespa karibu na Mangapwani, machozi yananitoka. Nikamuuliza ami kwa nini. Akasema, "Ningesema ni wewe wangeona wanamuoza binti yao kwa mtoto. Mimi watanicheka siku mbili. Twende, jua kali."

Siku mbili! Mwaka wa tatu huu. Harusini, msibani, hata Forodhani juzi kwenye foleni ya mishikaki, "Ami Haji, simu umeiwasha leo?" Na posa ya kumi na tatu haikuja. Hakuna aliyemuomba tena kupeleka posa. Watu wanamzunguka, wanakwenda kwa mwingine. Yeye mwenyewe hajalalamika hata siku moja. Simu anatembea nayo mkononi, haitii mfukoni tena, kila dakika anaiangalia kama imelia.

Wiki iliyopita shemeji yangu, mdogo wake Salma, anataka kuposa. Tumekaa kwao Mkokotoni tunatafuta mshenga. Mtu akamtaja Ami Haji. Mzee Vuai akasema, "Yule wa kubonyeza bonyeza?" Watu wakaangua kicheko.

Na mie nikacheka. Nikacheka, wakuu, huku nakula chakula cha mke niliyepewa kwa aibu ya mtu mwingine.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hiyo wewe kijana uliyeuliza kuhusu RAM, jibu langu ni hili. Shusha graphics. Punguza mavideo. Funga zile app za kipuuzi zinazokula chaji bure. WhatsApp iache, na kwenye game mode weka namba za watu wako waweze kupita. Kama simu si yako, usiizime hata tochi. Na ukikwama, kwama. Kufungwa mabao manne hakuui mtu, utanunua urojo yataisha.

Nlitaka kumalizia kwa kuwauliza kama niseme au ninyamaze. Lakini kabla ya kupost nikampa Salma asome, maana naye alikuwa hajui. Miaka yote hii yeye pia anaamini ni ami.

Kasoma mpaka mwisho. Kanirudishia simu. Nkadhani atacheka, au atalia, au atanirushia kitu.

Kasema, "Vaa viatu. Baba yuko nyumbani, na Ami Haji tutampitia njiani. Safari hii unaingia ndani."

Nnavaa viatu, wakuu. Maoni wekeni, matusi pia ruksa, nimeyachuma mwenyewe. Na aliyewahi kumwachia mtu abebe kosa lake, aseme hapa tupate kujua tuko wangapi.