Daraja Tutalivuka Tukilifikia

Jamani, mkiniona nacheka nikisimulia haya msidanganyike, ni kicheko cha aibu tu, maana marehemu mjomba wangu alingojeshwa sanda kwa sababu yangu mimi na domo langu, na mwisho wake hakuipata.

Alifariki alfajiri kule Kilelengwani, azikwe baada ya adhuhuri. Mimi niko Garsen, nina kibanda changu cha fotokopi, nikapigiwa simu na mkaza mjomba, Bi Amina: "Mwanangu, huku dukani bafta imekwisha. Tuletee sanda na ubani, na uje mapema." Kazi ndogo kabisa. Nikanunua, nikamwita Jilo wa bodaboda, naye kabla hata hajawasha pikipiki akaniuliza lile swali ambalo huku kwetu, msimu wa mafuriko, hata kichaa huuliza.

"Umepigia mwenye mtumbwi? Lile daraja wiki hii si la kuamini."

(Mtumbwi hukaa ng'ambo ya pili, na usipompigia mwenyewe mapema akungoje, anakwenda zake kupakia ndizi.) Simu ninayo, kredo ninayo. Lakini palikuwa na wateja wawili kibandani, Kiingereza kikanipanda kichwani, nikasema, "We'll cross that bridge when we get to it," kisha nikawafafanulia kwa madaha: daraja tutalivuka tukilifikia, yaani wenzetu Waingereza hawahangaiki na shida ambayo hawajaifikia. Wateja wakacheka. Jilo hakucheka, akasema tu, "Haya panda, mwalimu."

Basi tukalifikia. Daraja lenyewe halionekani, juu yake yanapita maji ya tope kwa kasi, vyuma vya ukingoni tu ndivyo vinavyochungulia, na ng'ambo wanaume wa msibani wamesimama wananingoja, nawaona mpaka kofia zao, na mtumbwi haupo. Ndipo nikapiga simu. Haishiki. Nikapiga tena na tena, adhuhuri ikapita tukiwa tunatazamana, wao kule na mimi huku na furushi langu kwapani, hadi haya zikanizidi, nikavua viatu, nikajitwika furushi, nikaingia majini.

"Rudi! Rudi wewe, utakufa!" wakapiga kelele.

Hatua ya nne maji yakaninyanyua. Jilo akanidaka shati, mimi nikapona, furushi likaenda, na tukaiona sanda ikifunguka juu ya maji, nyeupe, inateremka na mto.

Mjomba alizikwa kwa shuka mbili nyeupe ambazo Bi Amina alikuwa amemwekea binti yake za harusi. Mtumbwi ulipopatikana nikavushwa, nikakuta kaburi limeshafukiwa. Nikaenda kumpigia magoti Bi Amina. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole:

"Mwanangu, simu yako ilikuwa imezima?"

Nikasema ndiyo.

Siku hizi sitoki Garsen bila kumpigia mwenye mtumbwi, hata kiangazi, hadi ananitukana, na Kiingereza kile sikitamki tena maishani mwangu. Ila ule uongo sijaufuta. Kila nikimpigia Bi Amina kumjulia hali, kabla ya salamu huniuliza kama simu yangu ina chaji.