Siku Laban Alipoigiza Mama

Kabla ya kuwa mlinzi wa jengo la ghorofa hapa Lusail, kando ya Doha, Laban alikuwa mwigizaji. Kwa miaka sita alizunguka shule za upili za magharibi mwa Kenya na kikundi kilichoigiza vitabu vya fasihi vya mtihani. Asubuhi mfalme, mchana mlevi. Korona ilipofunga shule, kikundi kikavunjika. Akaja Doha.

Hapa husimama langoni saa kumi na mbili kwa siku. Maneno anayoyasikia huyabeba kichwani, na akifika chumbani anayaandika kwenye daftari. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alianza kuwakusanya Wakenya na Waganda wachache kwa Kawira, nesi anayeishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Walisukuma makochi ukutani, wakafanya mazoezi.

Mchezo wake wa kwanza ulihusu mama mmoja wa Kakamega ambaye binti yake yuko ughaibuni. Kawira ndiye angekuwa mama. Lakini siku ya onyesho, wakiwa tayari kwenye ukumbi wa kuazima, akapiga simu.

"Laban, nimeitwa zamu. Wodi haina mtu. Nisamehe, kaka."

"Usijali, dada. Wagonjwa kwanza."

Watu sabini walikuwa wameshakaa. Scovia, Mganda aliyeigiza binti, akamgeukia. "Maneno yote ya mama si unayajua wewe?"

Laban alisita. Mama yake mzazi alikuwa amezikwa miezi minne nyuma, naye akayatazama mazishi kwenye simu, amesimama zamu. Hakuwa amelia bado. Akachukua leso ambayo Kawira angeivaa, akajifunga, akatoka jukwaani.

Watu walicheka. Kisha akaketi kama mama yake alivyokuwa akiketi, mguu mmoja ameunyoosha kwa ajili ya goti bovu, akamwambia Scovia maneno ambayo hakuyaandika popote:

"Mwanangu, ukishindwa kuja kunizika, usijilaumu. Mimi ndiye niliyekuambia uende."

Kicheko kikakatika. Scovia alisahau mistari yake, akamkumbatia tu, na Laban akalia kwa sauti mbele ya wote.

Kawira alifika jioni, miguu imemvimba. "Nasikia umeninyang'anya nafasi yangu."

"Nitakuandikia nyingine."

Akaandika kweli. Mchezo wa pili ni wa nesi, na safari hii Kawira aliomba ruhusa kazini wiki tatu mapema.