Viti Vyangu Nje ya Nyumba Yake

Mume wangu alipokuwa fundi kule kiwandani Shituru, alininunulia saloni: viti vinne vya mbao nzito na meza yake. Vitambaa vya juu nilishona mwenyewe. Shule nilifika mwaka wa tatu tu, nikaolewa, lakini kusugua kiti najua. Mtu akiingia kwangu alikuwa anajiona usoni mwa meza ile.

Wakimbizi wa vita ya mashariki walipoanza kufika hapa Likasi, padri alisema kila nyumba itoe kitu kimoja. Mke wa katekista akatoa beseni lenye ufa. Nikajiuliza, huyu anataka wakimbizi waoge na upepo? Miye nikatoa saloni nzima, na kitanda juu yake. Watoto wangu walinuna, eti naondoa vitu vya Papa, baba yao. Nikawaambia Papa yuko kaburini, hakai tena. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini nilitaka pia watu waone. Na waliona, sababu nilichagua saa misa inatoka, nikatembea mbele ya pusupusu, ule mkokoteni wa kusukuma, uliobeba viti, kichwa juu, kama mama wa bibi harusi.

Vitu vilikwenda kwa mama mmoja kijana, kule mtaa wa Panda, kwenye nyumba ya zamani ya wafanyakazi. Alikuwa na watoto wawili wadogo. Wa kwanza wake, msichana wa miaka kumi na tatu, alimponyoka mkononi bandarini huko kwao, siku watu walipokuwa wanakanyagana kupanda mashua. Watu wa kwao walikuwa wanamtafuta kambi kwa kambi. Yeye alikuwa anangoja telefone tu. Kwenye kitanda changu hakumlaza mtoto hata mmoja. Wadogo walilala naye kwenye mkeka. Aliniambia, "Mama, hiki ni cha mukubwa wao." Kila asubuhi anakitandika, kama mwenyewe ametoka kwenda shule.

Nilikuwa napita kwake kila juma. Nasema napita kumsalimia, lakini macho yangu yalikuwa yanakwenda kwenye meza kwanza. Nikiona alama ya kikombe, nasema. Yeye anachukua kitambaa, anafuta, anasema pole, Mama.

Basi siku moja natoka soko na samaki wangu wa Kapolowe, nakata njia ya kwake. Nikaona viti vyangu nje. Vyote vinne, vimepangwa kando ya ukuta, meza imegeuzwa miguu juu, kitanda kimesimamishwa kwa ubavu. Mlango umerudishwa nusu. Na barabarani palepale, wanaume wawili wenye pusupusu tupu wamesimama wanafuta jasho. Sikuwauliza wanakwenda wapi. Moyo wangu ulishasema: anauza.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka na miko mikononi. Nilisema yote yaliyokuwa kinywani. Nikamaliza na hili, ambalo mpaka leo linanikaa kooni: "Mukimbizi ni mukimbizi tu! Leo unamupatia, kesho anauzisha!"

Mlango ukafunguka. Alitoka bila kitambaa kichwani, nywele wazi, kanga imefungwa kiunoni. Hakupandisha sauti. Ilibidi ninyamaze ndipo nimsikie.

"Hapana kuuzisha, Mama. Mutoto wangu alikufa. Balinipigia telefone asubuhi. Nilitosha bintu inje, njo vile tunafanyaka kwetu." Akakaza kanga kiunoni. "Sikujua niite nani wa kulia naye."

Kwetu! Na hapa kwetu je? Ni vilevile. Mtu akifa, viti vinatoka nje, ndani wanatandika mikeka, wafiwa wanakaa chini. Miye nimetoa viti nje kwa matanga ya watu sijui wangapi katika mji huu. Hivyo vinne vyenyewe vilitolewa kwa kilio cha mume wangu. Lakini siku zote niliona viti na watu juu yake, moto wa magogo unawaka, wanawake wanalia. Viti vya matanga bila mtu hata mmoja, hapana, sikuwahi kuona. Hakuna aliyekuja kwa sababu hakuna aliyemjua. Mtu aliyekuwa anamjua kuliko wote ni miye, nami nilikuja kukagua.

Samaki niliacha palepale chini. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye mkeka, nikalia. Wale wadogo wawili walikuwa pembeni wamekaa kimya kama watu wazima. Majirani waliokuja kuona ugomvi ndio waliobaki kulia naye. Mmoja akaleta makaa, wale wa pusupusu wakaenda kutafuta magogo. Yaani watu wa matanga ya mtoto yule waliitwa na matusi yangu. Tulikaa siku tatu. Maiti hatukuiona, ilizikwa huko, na watu tusiowajua.

Nilimwomba msamaha mbele ya wale walionisikia. Alisema haina neno, Mama. Na kweli ananisalimia vizuri, ananitilia chai. Lakini tangu wanawake warudishe viti ndani, sijamkuta ameketi juu yake. Namkuta mkekani na watoto, viti vinang'aa, vimepangwa kama dukani. Nikiingia anasimama, ananisogezea kimoja.

Juma lililopita nilichoka. Nikamwambia, "Mwanangu, kaa. Bintu ni byako. Hata ukitaka kubipasua kuni, pasua."

"Nitabichunga muzuri, Mama," akasema. Akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi, akaningojea nikae.