Ningekuwa Wewe, Ningetoa

Mama yangu mdogo ni fundi wa cherehani, na kwa miaka mingi alimshonea suti mtu aliyemharibia maisha. Hakujua. Alimpima mabega huku wakitaniana, akamkalisha kwenye kiti kizuri, kile chenye mto.

Mtu huyo ni daktari wa zahanati ya kona ya mtaa wetu. Ndiye aliyemtibu mama yangu mpaka saratani ya titi ilipomchukua, na baada ya msiba ndiye aliyemshauri Mama Mdogo apime vinasaba, ajue kama ugonjwa wa dada yake umo katika damu yake pia. Damu ilipelekwa mbali. Majibu yaliporudi, Daktari aliyapitia mara moja, akavua miwani.

"Fundi, sitaki kukuzungusha. Hapa kuna badiliko. Ningekuwa wewe, ningetoa vifuko vya mayai ya uzazi mapema, kabla navyo havijaingiwa na saratani."

Wakati huo Mama Mdogo alikuwa na mchumba, mchomeleaji wa mageti. Walikuwa wameshawachagulia watoto wao majina ya utani, mabaya mabaya, kwa kucheka tu. Lakini alimwamini Daktari, akatoa. Joto la ukomo wa hedhi likamvaa akiwa bado msichana. Alikuwa akishona huku amelowa jasho mgongo mzima. Alipomlalamikia Daktari, alijibiwa, "Utazoea, Fundi." Mchumba alivumilia mpaka mama yake alipochoka kuvumilia. Siku alipokuja kuchukua suruali zake, Mama Mdogo alizipiga pasi kwanza.

Nikabaki mimi kuwa mtoto wake. Alinilea, akanifikisha chuo kikuu kwa cherehani ile ile.

Nilipomaliza masomo nami nikapimwa, kwa Daktari yule yule. Maneno hayakubadilika: badiliko, sitaki kukuzungusha, ningekuwa wewe. Akanipeleka hospitali kubwa nikakatwe.

Huko, kabla ya upasuaji, walinipitisha kwa bingwa wa vinasaba, mwanamke mwenye sauti ndogo kuliko yangu. Alisoma majibu yangu, akaniuliza nani aliyesema nikatwe. Kisha akanieleza polepole. Hakuna mtu asiye na mabadiliko katika vinasaba vyake. Yapo yanayoleta ugonjwa, yapo yasiyo na neno, na yapo ambayo bado hayajulikani. Na kwa lisilojulikana, peke yake, mtu hakatwi kiungo. Langu lilikuwa katika yale yasiyojulikana, na maabara ilisema hivyo waziwazi tangu mwanzo. Tena kwa sasa watafiti walikuwa wamelichunguza vya kutosha: halina neno.

"Utaendelea kuchunguzwa matiti kwa sababu ya mama yako," alisema. "Lakini kisu hapana. Ni nani mwingine kwenu mwenye badiliko hili?"

"Mama yangu mdogo."

"Yeye alifanyiwa nini?"

Nilitazama viatu vyangu. Akaelewa.

Mama Mdogo nilimkuta akipinda pindo la gauni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Aliutoa mguu kwenye pedali.

"Kwa hiyo nilikuwa mzima."

"Ndiyo, Mama."

"Na yeye hakujua anachosoma."

"Hakujua."

Alikata uzi kwa meno. "Na mimi nikamwekea mto."

Nilimwambia twende baraza la madaktari tukashtaki. Alikubali, na tulikwenda. Walitupokea vizuri, wakatuambia tusubiri. Njiani kurudi akasema, "Hao watampa maneno. Mimi nataka kwanza aonje."

Nafasi ilijileta yenyewe. Daktari alikuwa anamwoza binti yake, akaleta kitambaa cha buluu iliyoiva ashonewe suti. Nilikuwa nyuma ya nguo zilizotundikwa, na kitabu mkononi, ukurasa ule ule.

"Umenenepa, Daktari," Mama Mdogo alisema, akimzungushia futi kifuani.

"Baba wa bibi harusi lazima ajaze kiti, Fundi."

Vidole vya Mama Mdogo vikasimama chini ya kwapa la kushoto. Akapima. Akahamia kulia, akarudi kushoto, akapima tena.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Inua mkono."

"Fundi, nini?"

"Huku pamejaa kuliko kule. Safari iliyopita palikuwa sawa."

"Mafuta hayo."

"Labda." Alichora alama ya chaki kwenye kitambaa, taratibu. "Mimi mtu wa nguo. Lakini sitaki kukuzungusha. Ningekuwa wewe, ningetoa."

Daktari alicheka, kicheko kikamkwama. Alipovaa shati lake alikosea vifungo, akatoka hivyo hivyo.

"Palikuwa pamejaa kweli?" nilimuuliza Mama Mdogo.

"Kidogo. Hakuna binadamu mwenye pande mbili sawa, mwanangu. Ndiyo maana tunapima zote."

Ningependa kusema nilimwonea huruma. Sikumwonea. Tulikuwa tukisubiri habari zake kama watu wanaosubiri chungu kichemke, na habari zililetwa na muuguzi wa zahanati aliyekuja kupunguziwa sare. Daktari amepigwa picha kwapani, hakuridhika, akaenda kupigwa kwingine. Hapati usingizi. "Na anajishika kwapa hata mbele ya wagonjwa," muuguzi alisema. "Watu wanadhani ananuka."

Mama Mdogo alicheka mpaka akashika meza.

Wiki ya harusi Daktari alikuja kujaribu suti. Koti lilimning'inia kama limetundikwa msumarini.

"Umekonda," Mama Mdogo alisema.

"Nimepimwa kila mahali. Sina kitu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Fundi, siku ile ulishika nini hasa?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikujua siku ile, na leo sijui."

"Na ukaniambia nitoe? Binti yangu anaolewa, mimi nawaza nani atawalea wadogo zake!"

"Mkuki kwa nguruwe," Mama Mdogo alisema. "Na wewe, uliponiambia nitoe, ulijua?"

Ndipo aliponiona. Mimi hata sokoni huwa naonyesha kwa kidole kuliko kusema, lakini siku hiyo nilimweleza maneno yote ya bingwa, bila kuruka hata moja. Aliketi kwenye stuli. Ule mto ulikuwa umeshaondolewa.

"Chuoni vinasaba tulivisoma juu juu," alisema baadaye. "Vipimo vikaja, na hakuna aliyetufundisha kuvisoma. Niliona neno badiliko, na dada yako alikuwa amefia mikononi mwangu. Niliogopa."

"Ukashindwa kuuliza?"

"Mgonjwa anakuja kwa daktari ili aambiwe sijui?"

"Mimi ningeipokea sijui yako," Mama Mdogo alisema. "Ningeenda nayo nyumbani, nikazaa nayo."

Nje mtu alikuwa akiburuta geti.

"Nani mwingine umemwambia atoe?" Mama Mdogo aliuliza.

Daktari alipangusa uso. "Yupo mwalimu mmoja. Anapasuliwa wiki ijayo."

"Mpigie."

"Nikifika zahanati nita..."

"Koti halitoki humu. Mpigie hapa, nisikie."

Alilivua koti, akatoa simu. Mama Mdogo alilitandaza mezani, akalibana kwa pini, akachukua mkasi. Daktari aliongea akitazama ukuta. "Mwalimu, lile nililokwambia, nilisema kama ninajua. Sikujua. Usikatwe mpaka umwone bingwa wa vinasaba. Hapana, si hospitali iliyokosea. Nilikosea mimi." Upande wa pili sauti ya mwanamke ilisema maneno mengi, kisha ikawa ama kilio ama kicheko; sikuweza kutofautisha. Cherehani ilikuwa imeshaanza kukimbia.

Daktari alipolivaa tena koti, lilimkaa vizuri kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Aliinua mkono wa kushoto, ukagoma katikati.

"Linanibana hapa kwapani."

"Linabana."

"Huwezi kulilegeza kidogo? Nitacheza na binti yangu."

Mama Mdogo alikuwa akizoa vipande vya buluu kutoka sakafuni. Alivitandaza kiganjani, akamwonyesha.

"Nimeshakata, Daktari. Kilichokatwa hakirudi." Akavitia kwenye pipa. "Utazoea."