Hipsi Arobaini na Sita

Nilipanda meli ya kifahari kumtafuta mwanamke mwenye hipsi inchi arobaini na sita.

Jina lake sikulijua. Sura yake sikuijua. Nilichokuwa nacho ni kikaratasi chenye mwandiko wa mume wangu, nilichokikuta kwenye mfuko wa shati lake nikiwa nataka kulifua.

Kifua 41. Kiuno 37. Hipsi 46. Urefu 44.

Ngoja kwanza nikwambie kazi yangu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na nne huu. Mtu mwingine angeona namba tu. Mimi nilimwona mwanamke mzima, kajaa kajaa hivi, kasimama mbele yangu na mkono kiunoni.

Mume wangu kazijuaje hipsi za mtu mpaka inchi ya mwisho?

Nilikaa chini pale pale kando ya beseni.

Najua kuna watakaosema, si ungemuuliza tu. Nyie hamjawahi kushikwa na wivu. Niliogopa jibu, nikaamua kutafuta ushahidi. Kikaratasi nikakirudisha mfukoni, shati nikalitundika bila kulifua.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mtu mwenyewe ni mnene. Mimi hapo najihesabu ni wa hipsi arobaini, mwembamba wa haja. Nikasema kumbe baba watoto anapenda vilivyojaa, mimi kwake nimekuwa ufagio.

Mwezi mmoja baadaye ikaja safari. Mume wangu anafanya kazi ofisi ya bima. Mwaka ule walifanya vizuri, wakubwa wakawapeleka wafanyakazi kumi na wenza wao siku nne melini.

Barua ya maelekezo iliandikwa na katibu muhtasi wa ofisi. Huyu ni mwanamke wa rika langu, hana mume, ana sauti laini, na alikuwa ameanza kuniita wifi bila kuniomba ruhusa.

Barua ilisema chai ya asubuhi na chakula cha mchana tuvae kawaida. Kaptula, suruali nyepesi, fulana, gauni la kushindia, viatu vya wazi. Tusiingie mezani na nguo za kuogelea zilizolowa. Nguo za sherehe ni za usiku wa mwisho tu.

Niliisoma mara tatu, nikacheka peke yangu.

Huyu anataka wake za watu tuje kama tunaenda kudeki, halafu yeye atokee kama malkia. Mimi sidanganywi kitoto.

Tena hata ningetaka kumtii, gauni la kushindia la maana sikuwa nalo. Mimi huvaa nguo ambazo wateja wameshindwa kuzifuata. Harusi imevunjika, mwenye nguo kahama mji, nguo inakaa kwangu mwaka mzima. Naipanua pembeni kwa kukisia, navaa. Na nguo zinazosahaulika kwa fundi ni za sherehe. Kutwa napima miili ya watu, wangu sijaupima tangu niliposhona gauni langu la harusi. Mganga hajigangi.

Basi nikafungasha zote.

Asubuhi ya kwanza melini niliingia kwenye ukumbi wa chai na gauni la zambarau lenye mkia, kilemba cha dhahabu, na viatu virefu vinavyogonga sakafu ko, ko, ko.

Ukumbi mzima ulikuwa umevaa kaptula.

Bosi wa mume wangu alikuwa na fulana na kandambili. Mkewe alikuwa na suruali ya kitambaa chepesi na shati la mikono mifupi. Walikuwa wanapanga foleni ya mayai, wamejitulizia kabisa. Mhudumu mmoja akanikaribia kwa heshima zote, akaniuliza kama mimi ndiye mwimbaji. Akasema muziki ni jioni.

Mume wangu alinivutia kiti haraka. Hakucheka, ila masikio yake yalibadilika rangi.

Na katibu? Alikuwa na kaptula ya jinzi na fulana nyeupe. Akaja mezani kwetu, akaniambia nimependeza sana. Nikamjibu ahsante kwa meno ya mbele.

Alipogeuka kwenda kuchukua maji ya matunda, jicho langu likafanya kazi yake. Fundi hahitaji futi kila mara. Kiuno thelathini na saba. Hipsi, arobaini na sita, isipungue hata nusu.

Nikakisukuma kikombe cha chai pembeni.

Siku nzima niliwafuata kwa macho. Wakicheka, naumia. Wakinyamaza, ndiyo naumia zaidi, maana nasema wanajificha. Mchana nikavaa gauni jekundu lenye mabega ya kumetameta, nikatoka jasho mpaka wanja ukanishuka, huku yeye akila saladi zake, ndala miguuni, upepo unampepea. Nilimchukia, na niliuchukia hata ule wepesi wa nguo zake.

Asubuhi ya pili, pale kwenye matunda, nikamsikia anamnong'oneza mume wangu:

"Leo ndiyo siku yenyewe?"

"Leo mchana," akajibu baba watoto, anatabasamu kama kijana anayeposa.

Sikunywa chai. Nilirudi chumbani, nikafungua sanduku la mume wangu.

Chini kabisa, limeviringishwa ndani ya taulo, kulikuwa na gauni. La pamba, rangi ya buluu iliyopoa, mikono mifupi, mifuko miwili pembeni. Gauni la kushindia. Nikalitandaza kitandani, nikatoa futi yangu mkobani.

Arobaini na moja. Thelathini na saba. Arobaini na sita, ukitoa ile nafasi ya kupumulia.

Nililia, sitaki kuwaficha. Miaka kumi na miwili ya ndoa na hajawahi kuninunulia hata leso, halafu leo anambebea mwanamke mwingine gauni, kalichomeka chini ya nguo nilizozipanga mimi kwa mikono yangu.

Kisha nikanyamaza, nikachukua wembe.

Hasira za fundi zina utaratibu. Sikulichana. Nilikaa kitandani nikafumua mshono wa ubavuni, kulia na kushoto, kuanzia kwapani mpaka chini. Nikafumua na mabega. Kila baada ya vidole viwili nikaacha nyuzi mbili tatu zishikilie, ili alivae bila kujua, atembee vizuri, afike mbele za watu, anyooshe mkono tu.

Nikalikunja vile vile, nikalirudisha kwenye taulo. Nilijisikia vizuri kuliko siku zote za ile safari.

Saa sita na nusu mume wangu akaingia. Akaniambia nikae, nifumbe macho. Nikasikia sanduku linafunguliwa.

Nilipofumbua, lile gauni lilikuwa mapajani mwangu.

"Miaka yote unavaa nguo walizosahau wateja," akasema. "Hili hakuna aliyelisahau. Ni lako tangu linakatwa."

Nikamuuliza vipimo kapata wapi.

Akaanza kucheka. Jumapili moja baada ya chakula nilisinzia kwenye mkeka. Akachukua futi yangu, akanipima nikiwa nimelala, akawa anasubiri nigeuke ili apate upande wa pili. Kila fundi mjini ananijua, wangeniambia. Kwa hiyo alimwomba katibu, ambaye anajifunza kushona nyumbani kwa cherehani ya marehemu mama yake. Ni nguo yake ya kwanza kumshonea mtu. Kaifanya majuma matatu, akajijaribishia mwenyewe maana mwili wake ni kama wangu.

Hipsi arobaini na sita zilikuwa zangu.

Nilimwambia kichwa kinaniuma. Nikamwambia nitalivaa kesho. Nikamwambia buluu hainipendezi mchana. Kila neno nililosema lilimpunguza, mpaka akashika lile taulo tupu asijue aliweke wapi.

"Hujalipenda," akasema. "Basi, mama watoto. Si lazima."

Ningesema pale. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Nikaona aibu, nikalivaa.

Lilinikaa, jamani. Halikunibana popote. Mume wangu alinizunguka mara mbili, macho yamemlowa.

Kutoka chumbani mpaka ukumbini nilitembea viwiko vimebana mbavu. Katibu alikuwa ananisubiri mlangoni, kaziba mdomo kwa mikono miwili. Bosi akasema sasa huyu ndiye mke wa mtu. Mkewe akaniuliza nani kashona.

Nikapanga foleni na sahani yangu. Nilikusudia kuchukua kilichokuwa karibu tu. Mume wangu, kwa furaha zake, akasema nimpatie kipande cha tikiti, kile cha nyuma.

Nikanyoosha mkono.

Ubavu wa kulia uliachia kwa mkupuo, kwapani mpaka gotini. Nikashtuka, nikajikunja, wa kushoto nao ukafuata. Bega likadondoka. Nilibaki na sidiria na gaguro mbele ya ukumbi wa watu mia mbili, sahani mkononi.

Aliyenifikia wa kwanza ni katibu. Alivuta kitambaa cha meza iliyokuwa tupu, akanizungushia, akanikokota mpaka chooni huku ananiombea njia.

Kule ndani alilia kuliko mimi. Aliniomba radhi. Alisema alijua hajaiva, alimwambia kaka atafute fundi wa kweli, nimsamehe kwa kunidhalilisha. Akachukua gauni sakafuni aangalie alipokosea.

Akalisogeza kwenye taa.

Anayejifunza kushona anajua uzi uliokatika na uzi uliokatwa. Alipitisha kidole kwenye mshono, taratibu, juu mpaka chini. Akaniangalia. Nikaangalia bomba la maji.

Mume wangu akagonga mlango, anauliza kwa wasiwasi kumetokea nini.

"Uzi ulikuwa mbovu, kaka," katibu akajibu. "Kosa langu. Sijajua kushona bado."

Na mimi nikanyamaza.

Tulirudi nyumbani. Miezi minane ikapita. Ofisini wakambandika katibu jina, Fundi Tikiti. Mume wangu naye hulitumia, akija nyumbani ananisimulia tucheke wote, na mimi nacheka. Katibu akaifunika cherehani ya mama yake, watu wawili waliokuwa wamempa vitambaa walivichukua.

Wiki iliyopita nilimfuata. Nikamkuta nyumbani kwake anakunja nguo. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ile.

"Nilimwonea huruma kaka," akasema. "Alikuwa na furaha sana. Lakini mimi nilinyamaza siku moja tu, wifi. Hii miezi minane unanyamaza wewe."

Hakunikaribisha kukaa, na sikustahili.

Nimejaribu kusema nyumbani mara nne, mdomo haufunguki. Ndiyo maana nimeandika. Mume wangu husoma hadithi humu kila siku ofisini wakati wa chakula cha mchana, na hii ameshajua ni ya nani tangu pale kwenye vipimo.

Baba watoto, uzi haukuwa mbovu. Nilifumua mimi, kwa wembe wangu, kitandani kwetu, kwa kudhani una mwanamke. Ukinyanyua kichwa hapo ulipo, yule dada yuko meza ya tatu kutoka kwako. Inuka, sema mbele ya watu wote kwamba anajua kushona. Kisha njoo nyumbani, unihukumu utakavyo.

Na wewe unayesoma ukiwa na kikaratasi ulichokikuta mfukoni, kauliza. Mimi nilishindwa kuuliza swali moja, nikamvua mtu jina lake jema. Lile gauni nimeshalishona upya, ni kazi ya nusu saa. Jina la yule dada sijui nianzie wapi.