Nilimwita Mize mwizi, na tuliokota pamoja

Bwana Mhariri, mimi ni msichana wa miaka kumi na tano, nimemaliza skuli juzi tu, naishi na bibi yangu kijiji kisicho mbali na Chake. Ninaloliandika hapa sijamwambia hata huyo bibi ninayelala naye kitanda kimoja. Kuna msichana mwenzangu alipachikwa jina la mwizi skuli mpaka akaacha kusoma. Hakuiba. Aliyemzulia ni mimi, na kule kuokota nilikomsingizia peke yake tuliokota wawili.

Nitamwita Mize. Nyumba yao na yetu zimetenganishwa na migomba michache. Msimu wa karafuu tulikuwa tukiokota mpeta, yaani zile karafuu zinazoanguka chini wakati wa kuchuma. Kwetu hii si aibu wala si wizi, maadamu umemwomba mwenye shamba na umengoja wachumaji wahame mti. Aingiaye kabla yao ndiye mwizi. Bibi yangu na mama yake Mize, Bi Fatu, waliomba wakapewa, na sisi tuliinama chini ya mikarafuu ile asubuhi hata jua la utosi.

Tabu ni vidole. Utomvu wa karafuu ukishika kwenye kucha hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Tulipofungua skuli baada ya likizo ya karafuu, wasichana wa wenye mashamba walimwona Mize vidole vyake vyeusi, wakaanza. Mkubwa wao nitamwita Zuwena, na shamba tulimookota ni la baba yake. Walimtupia punje za mchele miguuni wakimwita “ti-ti-ti”, kwa kuwa, walisema, anachakura chini kama kuku. Kila siku, njia nzima ya kurudi nyumbani. Mize alikuwa akiniambia nisijali, watachoka. Hawakuchoka. Nilikwenda kumwambia mwalimu, akanijibu kuwa hayo ni mambo ya kitoto na yatakwisha yenyewe. Nilirudi nimekasirika mpaka nikashindwa kula. Wakubwa wenyewe siku hizi wamesusiana maduka, wamesusiana hata maziko kwa ajili ya vyama vya siasa, halafu wanatwambia sisi tupendane.

Mimi hawakunitupia mchele kwa sababu nilitia hina. Nilimdanganya bibi kuwa wenzangu wote wametia, naye maskini akanipaka mpaka nusu ya vidole. Siku moja barazani Zuwena akanishika mkono, akaunusa mbele ya wenzake.

“Mbona hina yako yanukia karafuu? Au na wewe u kuku mwenziwe?”

Wote wakanigeukia wakiningoja. Mimi ni mwoga wa kusema mbele za watu, nikiulizwa hesabu darasani natetemeka. Siku hiyo sikutetemeka.

“Mimi siokoti,” nikasema. “Mize ndiye. Tena huingia shambani kwenu kabla hamjachuma.”

Sikuwaza. Nilitaka auachie mkono wangu tu, na kweli aliuachia.

Siku ya pili yake Bi Fatu aliletewa salamu kuwa asikanyage tena shambani, yeye wala mwanawe. Skuli ule mchele ukakoma, likaanza neno “mwizi”. Mtu akipoteza kalamu, mkoba wa Mize ndio unaopekuliwa. Mtihani ulikuwa karibu, na kwa hesabu alikuwa akitushinda sote. Akaja siku tatu, ya nne hakuja, wala hakurudi tena.

Sasa hatoki ndani. Kisimani huenda watu wakisharudi. Chakula hukigusa akakiacha, na mama yake akimsemesha hujibu kwa kichwa. Bi Fatu anaamini mwanawe kapatwa na shetani, na mwezi ukiandama wanampeleka Makangale kwa mganga akapungwe. Mimi nayasikia haya nakaa kimya, na kimya hiki kinanichosha kuliko mzigo wa kuni. Hana shetani yule. Ana mimi.

Bi Fatu huja kwetu karibu kila siku. Juzi alikaa juu ya mkeka, akanishika goti.

“Mwanangu, wewe ulikuwa naye. Nambie, walimfanya nini mwenzio?”

“Sijui, Bi Fatu,” nikamjibu.

Hakukasirika. Alitoa daftari la hesabu ndani ya kanga yake akanipa. Alisema Mize ameomba nimwandikie yale tuliyosoma baada ya yeye kuacha. Ni neno refu la kwanza Mize kulisema tangu mfungo wa Ramadhani.

“Asema ni wewe tu usiyemcheka,” akaniambia.

Daftari ninalo hapa, sijaandika hata mstari. Nikisema kweli, huenda Bi Fatu akarudishiwa idhini ya shamba na Mize asipelekwe huko Makangale kupigiwa ngoma ya maradhi asiyokuwa nayo. Lakini Mize amebakiwa na mtu mmoja tu anayemwamini, na nikisema nitamnyang'anya na huyo mmoja. Nikinyamaza, namfundisha hesabu kwa mkono ule ule uliomsukuma nje ya skuli. Nimeudhika na Zuwena, nimeudhika na mwalimu, na kila ninapotafuta wa kumlaumu narudi kwangu.

Ndugu wasomaji, mama zangu na dada zangu, nambieni, nifanye nini? Nianze kwa nani, mama mtu au mwenyewe? Mwezi unakaribia kuandama.

Bwana Mhariri, jina langu lifiche. Na wewe unayesoma, ikiwa ni mtu wa huku kwetu na umekwisha kutujua, tafadhali usimwambie mtu, na zaidi usimwambie Mize. Niachie mimi nimwambie.