Kikosi cha Watu Wawili Wasiosema

Mtu aliyepokea simu za malalamiko ya maji kwa miaka kumi na mmoja hana tena hamu ya kusikia sauti ya binadamu. Huko ndiko alikofika Dada Mkubwa. Nyumbani walimwita hivyo kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Kazini aliitwa Meza ya Saba, na huko hakuna aliyejali alizaliwa wa ngapi. Tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri alivaa hedifoni. Mlio ukisema ti, kidole kinabonyeza, mdomo unafuata wenyewe: "Huduma kwa wateja, habari za saa hizi, nikusaidie nini?" Kisha anatukanwa. Anatukanwa bomba likikauka, anatukanwa bomba likipasuka, na siku moja mzee mmoja alimtukana kwa sababu mvua ilinyesha. Kukata hathubutu. Sheria ya ofisi ile ilibandikwa ukutani: mteja ndiye anayekata.

Akifika kwake anavua viatu, anakaa kitandani na nguo zake za kazi, anaigeuza simu yake ndogo kifudifudi, na kwenye ile kubwa anafungua mchezo. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili na mchezo wa bunduki! Wacheke wanaotaka kucheka. Mnatupwa kisiwani watu mia, na wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi. Unaweza kuingia na kikosi, mkaongea kwa maiki na kulindana. Unaweza pia kuingia mwenyewe. Mwenye kikosi akipigwa hafi papo hapo. Anapiga magoti, na mwenzake ana sekunde chache za kuja kumnyanyua. Wa peke yake akipigwa amekwisha. Wengi huona hiyo ni hasara. Yeye aliona ni raha tupu: ufe mara moja, upumzike, asiwepo wa kukuuliza ulikuwa wapi.

Basi siku moja ya mwezi wa tano, mlio ukasema ti pale Meza ya Saba, akabonyeza, akasema maneno yake.

"Mwanangu, ni mimi," sauti ikajibu. Alikuwa mama yake mzazi. "Simu yako hupokei, nikaona nipige huku kwa wenye maji. Nimepokelewa na wanne kabla yako, wote nimewakatia."

"Mama, simu hii inarekodiwa."

"Irekodiwe! Mdogo wako ananifia ndani. Tangu wamwachishe kazi mwezi wa tatu, Kitinda hatoki chumbani. Namwekea chakula mlangoni kama mfungwa. Hasemi na mimi, hasemi na mtu. Anacheza huo mchezo wenu tu kutwa kucha, tena peke yake. Mwingie humohumo, mama. Mwingie."

Msimamizi alikuwa anapita nyuma ya viti. "Taarifa yako nimeipokea," alisema Dada Mkubwa, "na itafanyiwa kazi."

"Usiniletee Kiswahili cha ofisini!" mama akafoka, akakata.

Mwezi wa tatu. Neno hilo lilimkaa kichwani hadi jioni, na sababu aliijua, ila hakutaka kuitazama. Alifungua mchezo, akatafuta jina la mdogo wake, akamtumia mwaliko wa kikosi. Angesema naye nini, yeye ambaye maneno yake yote huyamaliza kazini? Kitinda akakubali mwaliko. Maiki yake ilikuwa imezimwa. Naye akaiacha yake imezimwa, na akaona haya kwa jinsi alivyofurahi.

Wakacheza hivyo wiki tatu. Kitinda alikuwa mwepesi, yeye mzito kama gunia. Kijana alikuwa akiokota dawa, anazibwaga miguuni pa dada yake, kisha anaondoka bila kugeuka. Kila asubuhi mama alituma ujumbe: Amesema? Naye alijibu: Bado. Alitaka kuongeza kwamba na yeye hajasema, lakini nani angemwelewa?

Alhamisi moja bomba kuu lilipasuka. Siku ile alipokea simu mia mbili na kitu. Alirudi hoi, kichwa kinamgonga, akaingia mchezoni kwa kuwa aliahidi, ingawa hakuna aliyesikia ahadi hiyo. Kitinda alitangulia nyuma ya ghala. Akapigwa. Akapiga magoti, na mchezo ukalia kuomba msaada: ti.

Kidole cha Dada Mkubwa kikabonyeza kitufe cha maiki. Mdomo ukafuata.

"Huduma kwa wateja, habari za saa hizi, nikusaidie nini?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha ikatoka sauti ya mdogo wake, imekauka kwa kukaa bila kutumika.

"Nina malalamiko."

Hakujua acheke au alie. Akauliza ambacho mdomo wake ulikijua. "Tatizo lilianza lini?"

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Saa tisa na nusu. Nilikuwa nje ya geti la kiwanda, barua ya kuachishwa iko mfukoni. Nikampigia dada yangu. Mara tatu. Anapokea simu za mji mzima. Yangu hakupokea."

Kwenye kioo Kitinda alikuwa bado amepiga magoti na sekunde zinakwenda. Dada Mkubwa alisahau kumnyanyua. Kijana akafa. Muda si mrefu na yeye akapigwa, na maandishi yakatokea: Kikosi chenu kimekwisha.

Alikuwa na akiba ya miaka kumi na mmoja ya maneno ya kujitetea. Mtandao ulikuwa chini. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Yote yalimfika ulimini na yote aliyaonea kinyaa.

"Niliziona," alisema. "Zote tatu. Nilikuwa nimekaa hapahapa nilipo sasa. Nilijua ni wewe, Kitinda, nikaigeuza simu kwa sababu nilikuwa nimechoka na watu. Nilikuwa nacheza. Nisamehe, mdogo wangu."

Alimsikia akivuta pumzi, kisha akivuta kamasi.

"Unasikika umechoka, dada."

"Nimechoka sana."

"Basi kata ukalale."

"Sikati," alisema. "Anayekata ni mteja."

Kitinda hakukata. Wakakaa hivyo, mchezo umekwisha, hakuna wa kumpiga mwenzake. Baadaye, kwa mbali, Dada Mkubwa alisikia sahani ikiwekwa sakafuni nje ya mlango wa mdogo wake, na ndala za mama zikianza kuondoka.

"Mama," Kitinda akaita. "Ingia nayo ndani. Dada yuko hapa."